Mwanangu alivunja kibubu akatoa chote kanisani, sasa anauliza mbona Mungu harudishi

Shikamoo Mwalimu, Bwana Yesu asifiwe.

Mimi ni mama wa watoto wawili, naishi Iringa. Kijana ana miaka tisa na mdogo wake wa kike ana sita. Mume wangu ni fundi rangi, kazi zake ni za kupata leo na kukosa kesho. Mimi nina genge la mboga na matunda, na nimo kwenye kikoba, kikundi cha kuweka na kukopa cha mtaani kwetu.

Mwaka jana baba yao alimtengenezea kijana kibubu cha bati. Akawa anaweka humo hela anayobakiza shuleni, anayopewa na wajomba zake, na ile ninayompa akinisaidia gengeni Jumamosi. Alikuwa anataka njumu, maana wenzake wanacheza nazo na yeye anacheza pekupeku. Alikuwa amefikisha shilingi 18,000.

Jumapili moja kwenye shule ya Jumapili walifundishwa habari za mjane aliyetoa senti mbili. Siku hiyohiyo watoto waliunganishwa kwenye ibada ya wakubwa, na mhubiri mgeni akasema ukimtolea Mungu vyote ulivyo navyo, anakurudishia mara mia. Jumapili iliyofuata mtoto akaamka mapema, akavunja kibubu kwa nyundo ya baba yake, akaenda kutia hela yote kwenye kikapu cha sadaka. Sisi tulijua mchana, tulipokuta bati limebonyea uvunguni. Nilipomuuliza akaniambia kwa furaha: "Mama, 18,000 mara mia ni milioni moja na laki nane. Nitanunua njumu, na baba nitamnunulia pikipiki."

Nilikosa la kusema, nikanyamaza. Wiki zikapita. Usiku mmoja akaniuliza kama Mungu hakuona hela kwa sababu alizikunja noti. Baadaye akaacha kuuliza. Sasa nikimpa shilingi 200 ya sadaka anaificha soksini. Juzi mtoto wa jirani alimwomba kipande cha chapati, akamwambia, "Nikitoa hairudi."

Mume wangu amekasirika, anataka kwenda kanisani kudai hela ya mtoto. Mama mkwe, ambaye naye anampenda sana mjukuu wake, anasema tununue kibubu kingine, tuwe tunatia hela kidogo kidogo usiku, halafu tumwambie Mungu ameanza kurudisha. Mimi nimebaki katikati. Nilikuwa nawasimulia watoto hadithi za Biblia kila usiku, sasa naogopa, sijui nisimulie ipi na niache ipi. Tena sijui kama ni sawa kuongea na watoto habari za hela, wakati sisi wenyewe hela ndiyo inatugombanisha, hasa baba yao anapotuma ya matumizi kwa mama yake kijijini na mimi nina marejesho ya kikoba.

Nisaidie.

Mama wa wawili, Iringa

*

Marahaba binti yangu. Amina, asifiwe.

Nianze na shauri la mama mkwe, maana hilo haliwezi kusubiri. Msitie hela kwenye kibubu usiku. Najua amelisema kwa huruma, na bibi anayeumia kwa ajili ya mjukuu ni wa kushukuriwa. Lakini mkifanya hivyo mtakuwa mmemsemea Mungu neno ambalo hakulisema. Huyo mtoto aliyeweza kuzidisha 18,000 kwa mia bila kalamu, siku moja atagundua kwamba kibubu hujaa wiki ambazo baba amelipwa na hukauka wiki ambazo baba hana kazi. Siku hiyo atawashuku ninyi na Mungu kwa pamoja. Na hata asipogundua, mtakuwa mmemthibitishia lilelile linalomtesa sasa, kwamba sadaka ni mtaji na faida yake ina tarehe.

Baba naye asiende kudai. Hela ilikuwa ya mtoto, aliichuma kwa kubeba mafungu ya mchicha, akaitoa kwa mkono wake. Mkiifuata atajua kwamba haikuwa yake kamwe. Lakini hasira ya baba ina haki ndani yake, na nitairudia.

Mkalisheni mchana, wewe na baba yake wote wawili, wala msimwite kama anayeshtakiwa. Mwambieni Mungu aliona, hata noti iliyokunjwa aliiona. Mwambieni pia kwamba hakuna milioni moja na laki nane inayokuja, na kwamba hilo halitokani na kosa lake wala na upungufu wa imani yake. Ukweli huu utamuuma siku mbili tatu. Kungoja kwake kumemuumiza muda mrefu zaidi.

Atauliza habari ya mara mia, na ana haki ya kujibiwa. Neno hilo limo katika Marko 10:30. Msomeeni pamoja na mistari iliyo juu yake. Yesu alikuwa anawajibu watu walioacha nyumba zao na kazi zao za uvuvi wakamfuata, na katika yale watakayopata alitaja ndugu, mama, watoto, mashamba, na papo hapo akataja udhia. Hapakuwa na kikapu cha sadaka katika mazungumzo yale. Mtoto wa miaka tisa anaelewa akiambiwa kwamba aliyemwacha mama yake kwa ajili ya Yesu hatakosa mama wengine watakaomfungulia mlango na kumpa ugali. Mhubiri aliufupisha mstari, na mtoto akaubeba kama ulivyofupishwa.

Sasa mjane, kwa sababu hadithi yake ndiyo iliyovunja kibubu. Hii usiiache, isimulie upya, na safari hii isimulie yote. Tunazoea kuanza pale mama yule anapotia senti mbili na kuishia pale Yesu anapomsifu. Wewe anzia mstari wa 38 wa Marko 12. Yesu anawaonya watu juu ya waandishi wanaopenda kusalimiwa sokoni na kukaa viti vya mbele, ambao hula nyumba za wajane na kusali sala ndefu kwa unafiki. Neno la wajane bado liko hewani, na mara mjane mmoja anaingia. Yesu ameketi kulikabili sanduku la hazina, anatazama watu wanavyotia. Matajiri wanatia mengi. Mama anatia senti mbili, ndiyo riziki yake yote. Yesu anawaita wanafunzi wake, anawaonyesha.

Halafu muulize kijana: mjane alirudishiwa nini? Mwachie atafute mwenyewe kwenye Biblia, aende mpaka sura ya 13. Hatapata. Yesu hakumfuata mama yule kumwahidi kitu, na haikuandikwa kwamba alikuta unga umejaa nyumbani. Kilichoandikwa ni kwamba alionekana. Katika jengo lile kubwa lililojaa watu waliotia mengi, Yesu alimwona mtu ambaye hakuna aliyekuwa anamtazama, akahesabu kwa hesabu yake mwenyewe: akaangalia mtu amebaki na nini baada ya kutoa. Mwanao naye alibaki bila kitu. Mwambie hivyo, na umpe muda wa kukaa na neno hilo.

Usikose kumwambia kwamba Yesu hakumwagiza mjane atoe vyote, wala hakuwageukia wanafunzi akawaambia waende wakafanye vivyo hivyo. Mtoto huyu anahitaji kujua kwamba angetia 2,000 na kubaki na 16,000 za njumu, asingekuwa amemnyima Mungu. Wapo watu wazima wengi wanaohitaji kuambiwa jambo hilo, nami nakuambia wewe pia. Petro alimwambia Anania katika Matendo 5 kwamba kiwanja kilikuwa mali yake kabla ya kukiuza, na hata baada ya kukiuza fedha ilikuwa katika uwezo wake. Kilichomwangusha Anania ni uongo wa kusema ametoa zote. Ile isome na mumeo, si ya kumsimulia binti wa miaka sita wakati wa kulala.

Kijana anapenda hesabu, basi mpe Yusufu. Mwanzo 41:34, Yusufu anamshauri Farao akusanye sehemu ya tano ya mavuno kwa miaka saba ya shibe. Mwambie apige sehemu ya tano ya 18,000. Atapata 3,600. Miaka saba ya njaa ilipokuja, akiba ile ililisha Misri na watu wa nchi za jirani, wakiwamo ndugu zake waliomuuza. Kuweka akiba hakukuwa kukosa imani. Na mpe Zakayo, ambaye watoto wetu wanajua alipanda mkuyu lakini wengi hawajui alichosema aliposhuka: nusu ya mali yake kwa maskini, na aliyemdhulumu amrudishie mara nne. Amtengenezee Zakayo hesabu. Kama alimdhulumu mtu 5,000, anarudisha ngapi? Humo kuna kutoa na kuna kurudisha haki ya mtu, na ni vizuri ajue tangu sasa kwamba ni vitu viwili, kwa sababu huko mbele atakutana na watu wanaotoa sadaka kubwa na bado hawajawalipa vibarua wao.

Njumu zitapatikanaje? Hapa nina maoni yangu na ninyi mtaangalia uwezo wenu. Anzisheni kibubu kingine, waziwazi, mezani, na baba atamke kwamba kwa kila 1,000 atakayoweka mtoto, wazazi wataongeza 1,000, au 500 kama ndiyo mtakayoiweza. Iitwe hela ya baba na mama. Mtoto ajue imetoka kwenye rangi ya kuta na kwenye nyanya, na kwamba wazazi wake wameamua kumsaidia. Mungu atashukuriwa kwa ajili ya wazazi hao, na hakuna atakayekuwa amedanganya.

Tukiwa bado kwenye kibubu, msimulie kibubu kilicho kwenye Biblia, maana kipo. Ni 2 Wafalme 12. Mfalme Yehoashi alianza kutawala akiwa na miaka saba, mdogo kuliko kijana wako. Baadaye aliagiza fedha za sadaka zitengeneze nyumba ya Bwana iliyobomoka. Makuhani wakapokea fedha, lakini mpaka mwaka wa 23 wa utawala wake nyumba ilikuwa haijatengenezwa. Ndipo kuhani Yehoyada akachukua kasha, akatoboa tundu kwenye kifuniko, akaliweka karibu na madhabahu. Likijaa, mwandishi wa mfalme na kuhani mkuu wanakuja kuhesabu pamoja, fedha inafungwa mifukoni, inapelekwa kwa maseremala, waashi na wachonga mawe. Baba yao ni fundi, hii amsimulie yeye. Kisha mwende na mtoto siku ya kazi, kwa adabu, mmwombe mhazini wa usharika amwonyeshe sadaka inafanya nini: umeme, mishahara, mabenchi, msaada kwa wagonjwa. Kikapu kilimpita mtoto akaona hela imemezwa. Akiona bati jipya la paa au mkeka wa darasa lao, atajua ilikokwenda.

Umeuliza kama ni sawa kuongea na watoto habari za hela wakati nyumba haina hela. Ni sawa, na wakati huo ndio wa kuongea. 2 Wafalme 4 mwanzoni kabisa: mjane wa mmoja wa wana wa manabii ana deni, na mdai anakuja kuwachukua wanawe wawili wawe watumwa. Elisha anamuuliza ana nini nyumbani. Ana chupa ya mafuta tu. Anamtuma akaazime vyombo kwa majirani, tena visiwe vichache, ajifungie ndani na wanawe, amimine. Nakuomba uwatazame wale watoto wawili. Wao ndio wanaosogeza vyombo, mama anamimina. Deni halikuweza kuwa siri kwao, kwa sababu wao wenyewe ndio waliokuwa wanachukuliwa. Mafuta yanapokoma, Elisha hamwambii asherehekee wala hamwombi sehemu yake. Anamwambia auze, alipe deni, na yeye na wanawe waishi kwa kitakachobaki. Deni kwanza, chakula cha watoto baada yake. Simulizi hii ingefaa isimuliwe mara nyingi kama ile ya senti mbili, na nasikitika kwamba haisimuliwi.

Kwa hiyo usiyafiche marejesho ya kikoba. Siku ya kukutana nenda na kijana, akae pembeni aone hisa zinavyonunuliwa, aone mfuko wa jamii unavyochangiwa, aone mwenzenu aliyefiwa anavyopewa chake na hakuna anayemuuliza atarudisha lini. Hayo ni mafundisho ya akiba na ukarimu kwenye meza moja, mbele ya watu anaowajua kwa majina. Na unapotuma hela kwa simu, mwonyeshe salio kabla na baada, umwonyeshe na makato. Watoto wa siku hizi wanaona mama anabonyeza namba tu na chakula kinapatikana, hawaoni kitu kikipungua.

Hapo naingia kwenye ugomvi wenu wa hela ya kijijini, maana watoto wanausikia na wanajifunza zaidi kutoka kwenye ugomvi huo kuliko kwenye hadithi zote za usiku. Yesu aliwakemea watu waliosema mali yao ni Korbani, imewekwa wakfu kwa Mungu, ili wasiwasaidie baba na mama zao. Ni Marko 7. Mumeo anapomtumia mama yake anatii amri, na usimpinge mbele ya watoto. Yeye naye asiitume kabla hamjakaa mkaangalia marejesho na chakula, kwa sababu mkikwama mtakopa, na deni hilo litawaangukia haohao watoto. Kaeni mwisho wa wiki, kalamu na daftari, mkubaliane kiasi ambacho kazi mbovu haitakitikisa. Mkishakubaliana, kijana ndiye abonyeze namba za bibi yake, na asikie bibi anavyoshukuru kwenye simu.

Sadaka ya Jumapili sasa. Ile 200 unayompa mlangoni mnapotoka ni sadaka yako wewe, yeye ni tarishi. Mpe hela yake Jumamosi, baada ya kazi ya gengeni, na umwachie aamue atoe ngapi, hata akiamua asitoe. Paulo aliwaandikia Wakorintho: "Kila mtu na atende kama alivyokusudia moyoni mwake, si kwa huzuni, wala si kwa lazima." Ukimlazimisha sasa hivi, jeraha litageuka kovu gumu. Mwache miezi kama ni lazima. Na soksini usimpekue.

Chapati ya jirani inanihangaisha kuliko sadaka, na huko ndiko ningeanzia kumponya. Yule kijana wa Yohana 6 alikuwa na mikate mitano ya shayiri na samaki wawili, akakiona chakula chake kikiliwa na watu walioketi majanini mbele yake. Wengi humalizia kwa kusema alirudi nyumbani na vikapu kumi na viwili. Haikuandikwa hivyo, na ukimwambia mwanao hivyo utakuwa umemrudisha kwenye mara mia. Kilichoandikwa ni kwamba watu walishiba, na Yesu akaagiza vipande vikusanywe kisipotee kitu. Kwa hiyo mpe kijana vitu vya kugawa ambavyo ataona vinafika: apeleke bakuli la maharage kwa jirani mgonjwa, akate tikiti yeye na kila mtu apate kipande, achague yeye nyanya za nyongeza za mteja mzee. Usimsifu sana. Msalimie jirani mbele yake, muulize maharage yalikuwaje, basi.

Binti wa miaka sita hahitaji hesabu zote hizi. Kama usharika wenu hufanya mnada wa mazao baada ya ibada, mpe yai au maembe mawili, ayapeleke mwenyewe, asimame nje aone yanavyonunuliwa na nani. Kaka yake atakuwa hapo anatazama, na pengine atataka kupeleka kitu. Akitaka, ni sawa. Asipotaka, msimgeukie.

Baba sasa. Hasira yake aipeleke kwa mwalimu wa shule ya Jumapili na kwa mchungaji, ila asiende mara tu baada ya ibada huku watu wamesimama barazani. Aende siku nyingine, na wewe uwe naye. Asiombe hela. Aeleze kilichompata mtoto, kuanzia njumu mpaka chapati, na aombe mambo mawili: watoto wasiunganishwe na mahubiri ya kuchangisha bila mtu wa kuwaeleza baadaye, na mtoto anapotia hela nyingi kuliko kawaida, mzazi aulizwe kwanza. Wahesabu sadaka hawawezi kujua noti ni ya nani, lakini mwalimu aliyesimama karibu na kikapu cha watoto anaweza kuona. Naamini watasikiliza. Wasiposikiliza, wapelekeeni wazee wa kanisa, kwa maneno yaleyale.